Chupa Kumi na Moja za Asali

Barua ile niliisoma nimesimama mbele ya kibao cha matangazo cha shule, kwa sababu sikuwa na subira ya kufika nayo nyumbani. Nilisoma aya ya kwanza, nikairudia. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti ya chini huku nafuata mstari kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiingereza nakijua, ndicho nilichofundishia fizikia pale Same, lakini siku hiyo kilinikataa kabisa. Profesa aliandika kwamba kreti limefika salama, hakuna chupa iliyovunjika, wanashukuru sana. Kisha, kwa adabu ya kutisha, akasema kwamba chupa zote kumi na moja zilizokuwemo zilikuwa zimejaa asali.

Asali! Nilipiga ukelele mpaka mwalimu wa zamu akatoka ofisini kuuliza nani kafiwa. Nikamwambia hakuna aliyekufa bado, lakini kuna mtu nitamuua. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wanafunzi walinipa jina la utani la kitu cha kuwashia moto, nami nilijifanya sijui. Ila siku ile hasira ilichelewa kuja. Kwanza nilipigwa na butwaa, nikakaa chini palepale kwenye ngazi ya ofisi na sketi yangu nyeupe, na vumbi la Same mnalijua.

Barua iliendelea. Kamati ya ufadhili ingekaa baada ya wiki sita. Bila sampuli hakuna cha kuionyesha. Je, ninaweza kutoa maelezo? Na je, chupa ya kumi na mbili iko wapi?

Ngoja nieleze, maana hata mimi siku hiyo ilinibidi nijieleze upya.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Shuleni tulifundisha asubuhi na kulima mchana, watu walikuwa wanahamia vijijini, na kijana aliyesoma alitakiwa kurudisha kwa taifa alichopewa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nikapangiwa kufundisha Same, chini ya milima yetu wenyewe. Kwetu ni Gonja, juu, kwenye migomba na ukungu. Mama aliishi huko peke yake tangu baba alipofariki, na kila nilipopata nafasi nilipanda kwenda kumwona.

Profesa yule alikuja akitafuta mlima. Alikuwa mzee mwembamba kutoka Ulaya, kaptula yake pana, na alichokuwa anakitafuta ni hewa safi, isiyo na moshi wa viwanda. Alitaka kupima gesi ile tunayoitoa puani, ambayo pia hutoka kwenye kila moto unaowashwa duniani. Siku hizi redio inaitaja kila wiki kama hewa ya ukaa, lakini wakati ule ukiizungumzia watu wanakutazama mara mbili. Kwake chuoni walikuwa na mashine inayopitisha mwanga usioonekana kwa macho katikati ya hewa, gesi ile inaumeza mwanga kidogo, na kalamu ya mashine inachora mstari kwenye karatasi. Gesi ikiwa nyingi, kalamu inapanda. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Alitaka mtu wa kufanya utafiti wa shahada ya udaktari, atengeneze kipimo kidogo, kigumu, kinachoweza kukaa mlimani chenyewe kikapima usiku na mchana.

Nafasi ilikuwa moja tu, na imelipiwa kila kitu, kuanzia nauli na ada hadi chumba na koti la baridi. Wizara ilikubali kuniachia nikipata. Sharti la profesa lilikuwa moja. Nionyeshe kwanza kwamba naweza kazi, nikusanye hewa ya mlima wetu mwaka mzima, chupa moja kila mwezi. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka nafasi ile. Hata chakula kilikuwa hakipiti vizuri.

Alikuja nyumbani kwetu siku moja, akala makande ya mama sahani mbili, akaomba na ya tatu. Alipokuwa anaondoka alichukua kreti la chupa, akalikabidhi kwa mama kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kuona mzungu ana adabu. Sikujua kwamba pale ndipo mambo yalipoharibikia.

Chupa zenyewe zilikuwa za kioo kinene, za nusu lita, zenye shingo nyembamba na koki ndogo ya kioo iliyopakwa mafuta mazito. Ndani zilikuwa zimenyonywa hewa yote kwa mashine, hamna kitu. Kazi yangu ilikuwa kupanda kwenye kigongo kilicho juu ya shamba letu, kuugeukia upepo unaopanda kutoka tambarare, kuzuia pumzi, kuinua chupa juu ya kichwa na kufungua koki. Chupa inavuta hewa yenyewe, fsss. Nahesabu hadi thelathini, nafunga, narudi nyuma, ndipo napumua. Kisha naandika kwenye lebo siku, saa, upepo na mawingu. Pumzi ya mtu imejaa gesi ile kupita kiasi, kwa hiyo ukikohoa tu hapo karibu, mashine itakusoma wewe na mlima hautauona kabisa.

Watu walicheka. Mwenyekiti wa tawi la chama aliniita kuniuliza kama nauza hewa ya taifa kwa mabeberu. Nikamwambia siuzi, natoa bure, nusu lita kwa mwezi. Akauliza na hiyo nusu lita haitatupungukia? Nikamjibu kwamba ikipungua, hotuba zake zitaijazia. Mama alinivuta kanga kwa nyuma, lakini mwenyekiti mwenyewe alicheka na kunipa barua ya ruhusa yenye mhuri.

Mwezi wa saba wa kazi ile ndio uliniudhi. Nilikuwa kigongoni, pumzi nimeibana, mkono uko juu, koki imefunguka, fsss, mara mama huyo hapa, kapanda na kibuyu cha uji, anahema kweli kweli, kasogeza uso mpaka kwenye shingo ya chupa. "Mwanangu, hujala kitu tangu asubuhi!"

Nilimfokea. Naandika hivi na aibu bado ninayo. Nilimfokea mama yangu mzazi kwamba pumzi yake imeniharibia kazi, kwamba haelewi, kwamba akae nyumbani. Aliweka uji kwenye jiwe, akateremka. Nami nikaandika kwenye lebo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za hasira: MBOVU, MAMA ALIPUMUA HUMU. Chupa ya akiba sikuwa nayo, nikairudisha kwenye kreti pamoja na nyingine.

Mwezi wa kumi na mbili wa kazi ulipotimia, shule zilikuwa zimefunguliwa. Nilichukua sampuli ya mwisho Jumapili, nikaharakisha kuwahi basi la Kisiwani. Lori la hospitali lingeteremka Alhamisi kwenda Same, na dereva alikuwa mtu wetu wa nyumbani. Nikamwambia mama, "Kreti ulimpe dereva Alhamisi, ataniletea nililipeleke posta." Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Nilipolipokea Same lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Nikafikiri ni uchovu. Kifuniko kilikuwa kimepigiliwa misumari vizuri, sikutaka kukifungua na kutikisa vitu. Nililipeleka posta mwenyewe, nikaimba njia nzima kurudi.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikaa kwenye ngazi.

Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kisiwani nilikuwa nimeshapata ya kuanzia, Maore nilikuwa na ya kumalizia, na nilivyoanza kupanda kwa miguu nilikuwa nayasema kwa sauti, watu wanaoteremka na mizigo wananipisha. Wapo walioniamkia shikamoo mwalimu, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ya ugomvi.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage. Aliponiona uso ulimchanua, akaweka ungo chini. Sikumwamkia. Yeye akaniwahi.

"Wameipata?" akauliza. "Ilifika salama? Wameipenda?"

Jamani! Maneno yote ya Maore yalinipotea. "Kwa hiyo ni wewe," nikasema.

"Sasa awe nani mwingine? Niliona umesahau. Mwaka mzima chupa za watu zimekaa hapa, kila mwezi unapanda nazo juu, unashuka nazo tupu, unazirudisha kwenye sanduku. Nikasema labda anasubiri mavuno. Mwisho nakuona unaondoka mbio, unaniambia nimpe dereva. Tupu! Zote! Mimi ndiye niliyezipokea, kwa mikono hii. Mgeni kala kwangu, kaniachia vyombo vitupu, mtu mzima yule. Mtu akikuletea chombo kitupu nyumbani kwako anaomba, ana haya tu ya kusema. Halafu mimi nimrudishie hivyo hivyo? Ningeweka wapi uso?"

Kwetu ndivyo ilivyo, na mimi nilizaliwa humo humo. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na mayai mawili, au ndizi, au hata chumvi ya kuficha kitako chake. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mtu kwamba urafiki umekwisha. Nilijua hayo yote. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nateremka na vyombo vya watu vitupu mbele ya macho ya mama, na haikunijia hata mara moja kwamba anaona aibu kwa ajili yangu.

"Mama, hazikuwa tupu!" nilipiga kelele. "Zilikuwa na hewa! Hewa ndiyo waliyoitaka! Nilikueleza!"

"Uliniambia unachukua hewa. Nikajua unanitania." Akanitazama, akatazama juu, akazungusha mkono uani kote, kwenye migomba, kwenye kuku, kwenye paa. "Hewa hii?"

"Hii hii!"

"Kwani kwao hawana?"

Haki ya Mungu, mhitimu wa fizikia nilisimama pale mdomo wazi. Mama akakaa kwenye kigoda polepole, na kidogo kidogo niliona mshtuko wangu unahamia kwake. Akashika shavu.

"Kwa hiyo nilimwaga hewa yako," akasema. "Nilichomoa zile koki, nikaziosha kwa sabuni na maji moto kwa sababu zilikuwa na mafuta mafuta. Nilidhani hukuziosha. Chupa moja moja. Nikapasha asali jikoni ipate kulegea, nikaipitisha kwenye bomba la jani la mpapai, maana shingo zile ni nyembamba mno. Siku mbili nzima. Nikaziba na nta."

"Asali ipi?"

Aliutazama mlango wa chumbani, na hapo nikajua ni ipi. Baba alikuwa na mizinga msituni. Alipofariki hakuna aliyeiendeleza, na kibuyu cha mavuno yake ya mwisho mama alikitunza nyuma ya kitanda miaka yote ile. Hakuwa anakigusa hata akiugua kikohozi. Mimi nilishawahi kuomba kijiko, nikanyimwa.

"Nilisema, mwanangu anakwenda kuishi kwa wale watu," mama akasema. "Hana ndugu huko. Nani atamfungulia mlango, mtoto ambaye kwao wanarudisha vyombo vitupu? Nilitaka wakiona asali ya baba yako wajue umetoka nyumbani kwa watu."

Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira sikujua naipeleka kwa nani. Yeye akaniacha nilie. Nilipotulia kidogo nikakumbuka barua, nikamuuliza chupa ya kumi na mbili ilikwenda wapi.

Akainama. "Asali haikutosha. Ilibaki moja. Sikuweza kuituma tupu katikati ya nyingine, nikaificha. Nilitaka nikupe ukija, uniambie niweke nini." Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kanga yake ya kanisani.

Ilikuwa nzima! Koki imefungwa, mafuta yapo, haijaguswa. Nilimkumbatia, nikamrusha rusha yule mama wa watu mpaka maharage yakamwagika. Chupa moja ingetosha kuwaonyesha kwamba nilipanda, kwamba nilifanya kazi, kwamba sikukaa Same nikachezea watu akili. Kisha nikaigeuza nisome lebo.

MBOVU, MAMA ALIPUMUA HUMU.

Nakumbuka nilikaa kwenye udongo, chupa mapajani. Katika chupa kumi na mbili, mikono yake ilikuwa imeosha kumi na moja nzuri na kuniachia ile moja ambayo haikufaa kitu.

Basi nikafanya ambalo mwalimu hafanyi. Nilifungua mkoba, nikatoa lebo mpya, nikaandika mwezi mwingine, saa nyingine, upepo wa kusi, anga safi. Nilijiambia kwamba labda hakupumua sana. Nilijiambia mashine zenyewe hukosea. Wiki sita, nafasi moja, na nilikuwa nimeshaanza kubandua lebo ya zamani kwa kucha.

Mama alikuwa anaokota maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo si ndiyo ya siku ile uliyonifokea?"

Nikaifunika kwa kiganja.

"Ndiyo yenyewe. Niliijua tangu nilipofungua sanduku, ina ule mwandiko wako mkubwa. Kiswahili nasoma, mwanangu." Akachagua punje moja iliyooza, akaitupa. "Siku ile uliniambia pumzi yangu imeiharibu. Ukanifukuza. Leo haijaharibika tena?"

Wee! Nimepigwa fimbo shuleni, nimeachwa na mchumba, nimefeli mtihani mmoja wa hesabu mbele ya watu. Hakuna kilichonishtua kama swali lile. Ikiwa chupa ilikuwa nzuri, basi nilimfokea mama bure. Ikiwa nilimfokea kwa haki, basi chupa ilikuwa mbovu. Nilichana lebo mpya vipande vipande, nikalainisha ya zamani kwa kidole ikakaa.

Niliituma kwa ndege ikiwa hivyo hivyo, na maelezo ya kurasa mbili. Nilieleza asali, desturi, jani la mpapai, yote. Niliandika kwamba kosa ni langu, kwamba nilimweleza hata mwenyekiti wa chama, lakini mama yangu, aliyekuwa analinda chupa zile mwaka mzima, sikumweleza mpaka akaelewa.

Jibu lilikuja baada ya kamati kukaa. Nilikwenda nalo darasani, nikawaambia wanafunzi waandike chochote. Neno la kwanza nililoliona ni kusikitika. Nafasi alikuwa amepewa mtu mwingine. Nilihisi baridi Same, mchana, mwezi wa pili! Nusura niikunje nisiendelee. Lakini chini kulikuwa na aya nyingine. Profesa alisema waliunganisha chupa yangu na mashine, na kalamu ikapanda ikatoka kabisa kwenye karatasi. Mashine ilisema kitu kilekile ilichosema lebo, kwamba kuna mtu alipumua humo. Alisema kila mwaka anapokea mamia ya chupa kutoka kila upande wa dunia, na hajawahi kupokea iliyoandikwa na mchukuaji mwenyewe kwamba ni mbovu. Nafasi nyingine ingekuwepo mwaka unaofuata. Kama nina moyo wa kuanza upya, kreti liko njiani. Asali, akaongeza, ilikwisha siku ileile, na angependa mama ajue hivyo.

Nililia mbele ya darasa zima, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kreti jipya lilifika na basi la Kisiwani. Mama alilifungua mwenyewe kwa nyundo, akiwa na furaha ya mtu anayetarajia majibu. Akatoa chupa ya kwanza, akaipeleka kwenye mwanga. Akatoa ya pili. Akapekua majani makavu ya kufungashia mpaka chini. Chupa kumi na tatu, moja ya akiba, na hakuna kitu kingine.

"Tupu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Asali wamekula, vyombo wameosha, wamerudisha vitupu."

"Tena hizi ni tupu kuliko utupu wa kawaida," nikasema, kwa kuwa safari hii niliapa kumweleza kila kitu. "Wamenyonya kwa mashine, hata hewa hawakuacha."

Mama alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Naweza kusema sijawahi kumwona ameshtuka vile, hata siku ya msiba wa baba. "Hata hewa?" akasema. "Wametoa hata hewa? Ndiko unakokwenda kuishi huko?"

Lakini mwaka ule alinisaidia. Alikuwa anapanda nami, anasimama mbali, upande ambako upepo hautoki, kanga mdomoni, anabana pumzi tangu ninapofungua koki mpaka nafunga, wakati hakuna aliyemwambia abane. Jirani akitaka kuchoma shamba, mama alimwendea asubuhi kumwomba asubiri mpaka chupa ya mwezi iwe imefungwa. Mwenyekiti mwenyewe alizoea, akawa anauliza hewa yetu imefikia ngapi. Chupa kumi na mbili zikatimia, safi zote, na safari hii barua ilipokuja neno la kwanza lilikuwa hongera.

Siku ya kuondoka nilizipanga kwenye kreti, nizibebe mwenyewe, nisimwachie mtu. Ya kumi na tatu ilibaki, haikutumika. Niliishika nikitafuta pa kuichomeka.

"Na hiyo?" mama akauliza. "Unawarudishia hivyo hivyo?"

"Mama, hiyo ni ya akiba. Ilikuja tupu, inarudi tupu. Hawana neno."

Akanyoosha mkono. Nilimpa, kwa sababu nilikuwa nimejifunza. Akaigeuza, akaisogeza mdomoni, akafungua koki kama alivyoniona nikifanya mara kumi na mbili. Fsss. Aliiachia pumzi ndefu, yote aliyokuwa nayo, mabega yakashuka. Akafunga, akaziba kwa kipande cha nta alichokuwa nacho tayari kwenye fundo la kanga.

"Kama hewa ndiyo wanayoitaka," akasema, "haya. Wasiseme sikuwapa kitu."

Nilipofika huko nilikabidhi chupa kumi na mbili za hewa ya kigongo chetu, kila moja na lebo yake. Profesa alihesabu, akauliza ya akiba iko wapi, maana zilikuwa ghali na huoshwa zikatumika tena. Nikamwambia ilivunjika njiani. Nimefanya kazi ya kupima hewa maisha yangu yote, vipimo vyangu viko milimani mpaka leo, na uongo nilioutia kwenye kumbukumbu za maabara ni huo mmoja. Mama ametutoka zamani. Nusu lita yake ninayo kabatini, nta haijaguswa, na sijawahi kuipima.